Nani Atamsemea Mwombaji: Historia ya Kutafuta Shahada za Juu Afrika Mashariki

Kuomba nafasi ya masomo ya juu, yaani shahada ya uzamili inayofuata shahada ya kwanza na shahada ya uzamivu inayofuata uzamili, huchukuliwa siku hizi kuwa kazi ya kujaza fomu, kuambatisha vyeti na kusubiri majibu, na kwa hiyo ni wachache wanaoitazama kama desturi yenye historia. Katika Afrika Mashariki desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyenyewe, na mtu akiifuatilia tangu mwisho wa karne ya 19 anakuta kwamba mitihani, ada na karatasi zimebadilika mara nyingi, ilhali sharti moja limedumu: mwombaji awe na mtu mwenye heshima wa kumsemea. Aliyebadilika ni huyo mwenye haki ya kusema, kwani zamu hiyo imeshikwa na shehe, padri, gavana, mwanasiasa, tawi la chama, mwajiri na hatimaye profesa, na kila aliyeishika alikuwa na mkono katika kuamua nani asome na nani abaki.

Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Ngazija, elimu ya juu ilikuwa ile ya fiqhi, tafsiri, hadithi na nahau ya Kiarabu, nayo haikutolewa na taasisi bali na mwanachuoni aliyeketi na wanafunzi wake msikitini au barazani kwake. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu fulani mbele ya mwalimu, akakipitia kwa sauti huku akisahihishwa hadi mwisho, alipewa ijaza, ambayo ni ruhusa, mara nyingi ya maandishi, ya kukifundisha kitabu hicho kwa wengine. Ndani ya ijaza mwalimu alitaja nani alimsomesha yeye, na nani alimsomesha mwalimu wake, hadi mfululizo wa majina ukamfikia mtunzi wa kitabu, kiasi kwamba aliyeishika karatasi hiyo alijulikana thamani yake kwa majina yaliyomtangulia. Aliyetaka kuendelea zaidi alisafiri kwa jahazi au meli hadi Hadhramaut, Makka au Cairo, na huko hakuwekewa mtihani wa kuingilia. Alichokuwa nacho ni jina la mwalimu wake na barua ya salamu kwa mwalimu mwenyeji, na kwa barua hiyo alipata mahali pa kulala, kitabu cha kuazima na nafasi katika darasa.

Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu alikuwa tayari kadhi wa Zanzibar alipoamua, katika miaka ya 1880, kuacha kazi hiyo na kwenda kuongeza elimu katika miji ya Istanbul, Makka na Cairo, jambo ambalo mfanyakazi wa leo angeliita kuacha mshahara kwa ajili ya masomo. Aliporudi Unguja, yeye na Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyekuwa na madrasa yake mtaa wa Ukutani, waliufanya mji huo kuwa mahali ambapo wanafunzi wa pwani walikuja kukamilisha masomo waliyoyaanzia makwao, hadi wote wawili walipofariki mwaka 1925. Miongoni mwa waliosoma kwao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kifo chake mwaka 1947, na ambaye mwanawe atatajwa tena huko mbele.

Mfumo huo haupaswi kusifiwa kupita kiasi. Ulimfaa zaidi mtoto wa nyumba iliyojulikana, mwenye nasaba ya masharifu au mashehe na jamaa wa kumpokea ng'ambo, na kwa kuwa mwalimu hakuwajibika kumweleza mtu yeyote kwa nini amemkubali huyu na kumkataa yule, aliyekataliwa hakuwa na pa kukata rufaa. Habib Saleh, aliyeanzisha msikiti na chuo cha Riyadha huko Lamu, anakumbukwa hadi leo kwa sababu aliwafundisha pia watu wa tabaka la chini, wakiwemo wa asili ya utumwa, na ukweli kwamba jambo hilo lilikumbukwa kama la pekee unatosha kuonyesha kawaida ilikuwa ipi.

Serikali ya kikoloni ilifungua mlango wa namna nyingine na ikauacha ukiwa mwembamba. Makerere ilianza Kampala mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika, na hata ilipopanda ngazi na kufundisha udaktari, ualimu na kilimo kwa Waafrika wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, iliendelea kutoa stashahada, ambazo ni vyeti vya chini ya shahada. Wanawake 6 wa kwanza waliingia mwaka 1945, na chuo kikalazimika kubadili kaulimbiu yake, ambayo hadi wakati huo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Kwa kuwa hapakuwa na shahada yoyote nyumbani, Mwafrika aliyetaka kwenda mbele alihitaji kuvuka bahari, na kwa hilo alihitaji ama serikali imtume, ama misheni imtafutie mfadhili, ama jamaa zake wathubutu kumtuma wenyewe.

Njia ya tatu ndiyo iliyofuatwa na Peter Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu, aliyekwenda Marekani mwaka 1927 kusoma katika shule ya Hampton, iliyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, kisha Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, na mwisho Columbia huko New York, ambako alipata shahada ya uzamili katika elimu akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kufika daraja hilo. Alirejea mwaka 1938, na mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha walimu cha Githunguri, kilichotegemea michango ya wananchi. Maofisa wa kikoloni waliitazama elimu ya Marekani kwa wasiwasi, wakihofu kwamba ingewarudisha vijana wakiwa na siasa za Wamarekani weusi, na kutokana na wasiwasi huo barua ya ofisa wa wilaya, ambayo kwa aliyeomba kwenda Uingereza ilikuwa msaada, kwa aliyeomba kwenda Marekani ilikuwa mara nyingi kizuizi.

Jomo Kenyatta alipata njia ya nne isiyo ya kawaida. Akiwa London katika miaka ya 1930 alifanya kazi Chuo cha University College kama msemaji wa Kikikuyu kwa watafiti wa fonetiki, akiwasaidia kuchunguza matamshi na toni za lugha hiyo, na kutoka hapo akaingia kwenye semina ya Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia mashuhuri wa Shule ya Uchumi ya London, akasoma stashahada ya baada ya shahada bila ya kuwa na shahada ya kwanza. Tasnifu yake ilichapishwa mwaka 1938 kwa jina la Facing Mount Kenya, na utangulizi wake uliandikwa na Malinowski mwenyewe. Mtu anaweza kuusoma utangulizi huo kama barua ya mdhamini iliyochapishwa kitabuni: profesa wa Ulaya anauhakikishia ulimwengu wa wasomi kwamba huyu anayeandika juu ya watu wake anastahili kusikilizwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Tume ya Asquith, iliyotoa taarifa yake mwaka 1945, ilipendekeza makoloni yapewe vyuo vitakavyolelewa na Chuo Kikuu cha London hadi vikomae. Makerere iliingia katika uhusiano huo maalumu mwaka 1949, ambapo walimu walifundisha Kampala lakini mitaala ilihitaji idhini ya London na shahada zilitolewa kwa jina la London, za kwanza zikiwa mwaka 1953. Faida yake kwa mwombaji wa masomo ya juu ilikuwa kubwa, kwa sababu aliyeshika cheti cha London hakuulizwa tena cheti chake ni sawa na nini, lakini hasara yake ilikuwa kwamba uzamili na uzamivu vilibaki ng'ambo. Hata taasisi ya utafiti wa jamii iliyoanzishwa Makerere mwaka 1948 ilikuwa kwa miaka mingi kituo cha watafiti waliotoka Ulaya na Marekani, ambapo vijana wa nyumbani walifanya kazi ya ukalimani na ukusanyaji wa takwimu.

Julius Nyerere alikuwa wa kizazi kilichotangulia shahada hizo. Alimaliza stashahada ya ualimu Makerere mwaka 1945, akafundisha shule ya St Mary's Tabora chini ya Padri Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyemhimiza aende mbele, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili, akahitimu mwaka 1952. Shahada yake, M.A., huelezwa mara nyingi kama ya uzamili, ilhali katika vyuo vikongwe vya Uskoti M.A. ya fani ni shahada ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mwanahistoria Bethwell Ogot, aliyesoma St Andrews baada ya Makerere kabla ya kupata uzamivu wa Chuo Kikuu cha London mwaka 1965.

Kuelekea uhuru, wenye haki ya kusema waliongezeka ghafla. Mwezi Septemba 1959 ndege iliyokodishwa iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda Marekani, kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na marafiki zake wa New York, na mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kuendeleza safari hizo, ambazo hadi mwaka 1963 zilikuwa zimewachukua wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki na nchi za jirani. Kilichofanyika kabla ya ndege kuruka kinafundisha zaidi kuliko ndege yenyewe. Kijana aliandika kwa mkono barua kwa vyuo vingi vidogo ambavyo majina yake aliyapata katika maktaba, mara nyingi kwenye karatasi nyembamba ya buluu ya barua ya anga, ambayo hukunjwa yenyewe ikawa bahasha na hivyo humlazimu mwandishi kueleza maisha yake yote katika ukurasa mmoja na ushei. Akasubiri jibu kwa sanduku la posta la shule au la duka la jirani. Akipata nafasi na ahadi ya ada, ndugu na wanakijiji wakaitisha chai ya kumchangia, mzazi akauza ng'ombe, na ndipo jina lake likapelekwa kwenye kamati iliyogawa viti. Mdhamini katika hatua hiyo alikuwa kijiji kizima, na deni la kijiji hicho halikuandikwa popote.

Wengi wa wasafiri hao walikwenda kuanza shahada ya kwanza, lakini mfumo wa Marekani uliwaruhusu kuendelea moja kwa moja hadi uzamili pale pale walipo, jambo ambalo utaratibu wa Kiingereza haukulirahisisha. Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960, alihitimu shahada ya kwanza huko Kansas mwaka 1964 na uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, kisha akarudi Nairobi akiwa na barua ya kuajiriwa kama msaidizi wa utafiti, akakuta nafasi hiyo imeshapewa mtu mwingine. Kilichomwokoa ni profesa Mjerumani wa anatomia ya wanyama, Reinhold Hofmann, aliyemwajiri na kumshawishi asome uzamivu, ambao aliufanyia kazi Giessen na Munich na kuutunukiwa Nairobi mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo. Barua ya kwanza, iliyokuwa na sahihi na tarehe, haikumsaidia chochote. Neno la mtu aliyekuwepo na aliyekuwa na maabara lilimsaidia.

Upande wa pili wa dunia nao ulitafuta wanafunzi. Mwanasiasa Oginga Odinga aliwatafutia vijana wa Kenya nafasi katika nchi za kisoshalisti, Moscow ikafungua mwaka 1960 chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, na kabla ya hapo vijana wa Zanzibar walikuwa wamekwishapata njia ya Cairo, ambako mwanasiasa wa Zanzibar Ali Muhsin Barwani alifanikisha kupatikana kwa nyumba ya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Waliorudi kutoka Mashariki walikumbana na tatizo ambalo wa London hawakulijua, kwani maofisa waliofundishwa kwa mfumo wa Kiingereza walitilia shaka vyeti vyao, na suala la kulinganisha shahada, ambalo leo lina tume na ada yake, kwa kiasi kikubwa limetokana na mashaka hayo.

Hapa ndipo panapofaa kumrudia mwana wa Sheikh Al-Amin. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, na baba yake alimkusudia Al-Azhar, chuo kikongwe cha Cairo, ili afuate silsila ya ukoo; lakini baba alifariki kijana huyo akiwa na miaka 14, na matokeo yake ya mtihani wa sekondari wa Cambridge yakawa duni kiasi kwamba Makerere haikumchukua. Alifanya kazi katika taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa hadi alipopata ufadhili wa serikali ya kikoloni kwenda Uingereza katika miaka ya 1950, akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, uzamili Columbia mwaka 1961, na uzamivu Oxford mwaka 1966. Makerere, iliyomkataa kama mwanafunzi, ilimwajiri mwaka 1963 na kumpa uprofesa mwaka 1965, kabla hata uzamivu wake haujakamilika. Wanaoutetea mtihani mmoja wa kuingilia kama kipimo cha haki wanapaswa kulieleza jambo hilo, maana kizazi kimoja tu kabla yake mwalimu wa Ukutani angemjaribu kijana huyo kwa kumsikiliza akisoma, na si rahisi kuamini kwamba angemrudisha nyumbani.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa mwezi Juni 1963 kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, ambapo Dar es Salaam ilikuwa imeanza mwaka 1961 kwa kitivo kimoja cha sheria katika jengo la chama tawala cha TANU mtaa wa Lumumba. Walimu karibu wote walikuwa wageni, na haja ya kuwaweka wenyeji mahali pao ilizaa njia mpya ya kufikia uzamivu: mwanafunzi aliyefaulu vizuri kuliko wenzake alibakizwa idarani kama mhadhiri msaidizi mwanafunzi, yaani mwajiriwa ambaye kazi yake kubwa ni kusoma, akapelekwa ng'ambo kwa fedha za wafadhili kama Mfuko wa Rockefeller huku nafasi yake ikimsubiri. Isaria Kimambo, aliyepata uzamivu Northwestern nchini Marekani mwaka 1967, na Issa Shivji, aliyesoma uzamili wa sheria London mara baada ya shahada yake ya Dar es Salaam, ni wa kizazi hicho, na Shivji alirudi kufanyia uzamivu nyumbani mwaka 1982. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alifanya uzamili Dar es Salaam juu ya mshairi Shaaban Robert na kuumaliza mwaka 1976 kabla ya kwenda Wisconsin, alikopata uzamivu mwaka 1985. Si kila aliyekwenda alirudi na cheti: mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 kwa ajili ya uzamili, hakumaliza tasnifu, akarudi na riwaya ya A Grain of Wheat, na hakuna msomaji aliyewahi kulalamika.

Uhusiano kati ya msomi na taifa lililomlipia ulivunjika waziwazi tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), iliyowataka wahitimu watumikie miaka 2, sehemu kubwa yake kwa asilimia 40 ya mshahara. Rais Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wengi wa waliofukuzwa wakarudishwa mwaka uliofuata. Chuo kikuu cha pamoja kiligawanyika mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chake, na ndipo Tanzania ikachukua hatua ambayo majirani zake hawakuichukua.

Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali amalize kwanza mwaka 1 wa JKT na miaka isiyopungua 2 ya kazi, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama mahali pa kazi, yakithibitisha tabia na bidii yake. Azimio la Musoma halikuondoa mtihani, lakini liliweka kando yake swali ambalo mtihani hauwezi kulijibu, yaani watu wanaoishi na mwombaji wanamwonaje. Kwa hoja, wazo hilo lilikuwa karibu zaidi na ijaza kuliko na London. Kwa vitendo lilimweka mwombaji mikononi mwa mkubwa wake wa kazi, ambaye angeweza kumnyima neno zuri kwa sababu anamhitaji ofisini, kwa sababu ya ugomvi, au kwa sababu hataki msaidizi arudi na cheti kikubwa kuliko chake. Athari iliyoonekana mapema zaidi ni kupungua kwa wanawake, kwani miaka 3 ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na baada ya muda si mrefu wanawake walisamehewa sharti la kazi.

Ingawa Azimio lilihusu hasa shahada ya kwanza, lilibadilisha sura ya mwombaji wa uzamili, kwa kuwa aliyefika huko alikuwa mtu mzima mwenye kazi, mke au mume, watoto na malimbikizo ya mshahara, ambaye kujiandaa kwake kulianza kwa kuomba ruhusa ya masomo kazini na kusaini mkataba wa kurudi kutumikia kwa miaka iliyotajwa. Mkataba huo una mantiki yake, kwani serikali haikutaka kumsomesha mtu kwa ajili ya nchi nyingine. Hata hivyo, shilingi ilipoporomoka katika miaka ya 1980 na mshahara wa mhadhiri ukashindwa kumtosha mwezi, wengi walichagua kuvunja mkataba, na vyuo vya Botswana, Lesotho na Marekani vikafaidika.

Miaka iliyofuata yaweza kuelezwa kwa ufupi. Fedha za masomo ya juu zilitoka zaidi kwa wahisani: Sweden, kupitia shirika lake la SAREC lililoanzishwa mwaka 1975, iliwasomesha watafiti kwa mpango wa kugawa muda kati ya chuo cha Sweden na utafiti nyumbani, baraza la utafiti wa sayansi za jamii la CODESRIA, la Dakar, lilitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu, na muungano wa utafiti wa uchumi wa AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, ulianza mwaka 1993 uzamili wa pamoja, ambapo wanafunzi wa nchi mbalimbali walikutana Nairobi kwa masomo ya hiari ambayo hakuna chuo kimoja kilichokuwa na walimu wa kuyatosheleza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwapa watumishi nafasi ya kusoma bila kuomba likizo, na vyuo vingine vikafuata kwa masomo ya jioni ya kulipia. Mwombaji anayejilipia hahitaji neno la mwajiri, na hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyosemwa: kwa mara ya kwanza fedha peke yake iliweza kumsemea mtu.

Bahasha ya mwombaji wa leo, ambayo mara nyingi si bahasha tena bali mafaili ya kompyuta, ina safu kadhaa za historia hiyo ndani yake. Ina nakala za vyeti zilizogongwa mhuri na wakili; transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake; andiko fupi la utafiti, hasa kwa uzamivu, linaloeleza swali na namna ya kulijibu; na barua za wadhamini wawili au zaidi. Anayeomba nje huongeza vipimo vilivyobuniwa kwa ajili ya mahitaji ya wengine, kama mtihani wa GRE wa kuingilia masomo ya juu, ulioanza Marekani mwaka 1936, na mitihani ya Kiingereza ya TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, na IELTS, iliyochukua jina hilo mwaka 1989, ambayo mhitimu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hulazimika kuilipia ili athibitishe anajua Kiingereza, isipokuwa pale chuo kinapokubali barua ya kuthibitisha lugha ya kufundishia. Akikubaliwa, hujiandaa kwa viza, kwa kipimo cha kifua kikuu ikiwa anakwenda Uingereza, kwa akaunti maalumu ya benki ikiwa anakwenda Ujerumani, na nchini Tanzania kwa hati ya Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa mwaka 2005, inayoonyesha kwamba tume hiyo haina pingamizi na masomo anayoyaendea.

Hata anayesoma nyumbani haachani na barua baada ya kusajiliwa. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kukusanya data vijijini nchini Tanzania hupewa na chuo barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye humwandikia wa wilaya, ambaye humwandikia mkurugenzi wa halmashauri au mtendaji wa kata, hadi mtendaji wa kijiji anapoipokea nakala yenye mihuri yote na kumruhusu aanze kuuliza maswali yake. Utaratibu huo hulalamikiwa kwa kupoteza siku, na malalamiko hayo ni ya haki, lakini umedumu kwa sababu kijiji, kama chuo, hakimpokei mtu asiyetoka kwa mtu.

Historia hii ina pengo moja linalozibika. Waliokubaliwa wana picha za mahafali, tasnifu maktabani na wasifu magazetini, ilhali waliokataliwa, ambao ndio wengi, wamebaki katika barua za anga zilizo ndani ya masanduku ya familia, katika faili za shule za misheni, na katika mapendekezo ya matawi ya chama ambayo yanaweza kuchomwa wakati wowote ofisi zinapohamishwa. Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam, Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar na ile ya Nairobi zina wataalamu wa kutunza karatasi hizo, na wenye nazo wanaombwa wazipeleke huko kabla mchwa hawajazimaliza, zikiwemo barua za kukataliwa, na hasa hizo.